Maumivu ya Chini ya Kitovu Yaliyoanzia Mgongoni

Kwa karibu miaka miwili nilimeza antibayotiki za kutibu maambukizi ya njia ya mkojo, ilhali kila mara mkojo wangu ulipooteshwa maabara haukuonyesha kimelea chochote. Maumivu yalianzia chini ya kitovu yakateremka hadi kinenani, choo kilikuwa kigumu, na haja ndogo ilinibana hata kama nilikuwa nimetoka msalani robo saa tu iliyopita. Naishi Githurai na kazi yangu ni ushonaji katikati ya jiji la Nairobi. Foleni ya Barabara ya Thika ilipokwama, nilishuka Pangani au Ngara kutafuta choo, kisha nikapanda matatu nyingine na kulipa nauli upya. Katika kliniki moja niliambiwa kuwa ni mawazo tu, nikanyamaza kwa miezi kadhaa, hata kwa mume wangu, ingawa tendo la ndoa nalo lilikuwa limeanza kuniumiza.

Hatimaye daktari mmoja wa magonjwa ya wanawake, baada ya vipimo vyake vyote kutoonyesha kasoro, aliniuliza, "Mama, na mgongo wako ukoje?" Picha ya MRI, inayopigwa kwa sumaku kuonyesha ndani ya mwili, ilionyesha kwamba diski (kisahani laini kinachokaa kati ya pingili) iliyo chini ya pingili ya mwisho ya kiuno ilikuwa imevimba kuelekea katikati.

Nilivyoelezwa ni hivi: neva (mishipa ya fahamu) zinazohudumia kibofu, sehemu ya mwisho ya utumbo na viungo vya uzazi hutokea kwenye mfupa wa sakramu, ulio chini ya kiuno, hasa neva ya 2, ya 3 na ya 4, na kabla ya kutoka hupita pamoja katikati ya mfereji wa uti wa mgongo, nyuma ya diski za kiuno. Diski ikivimba kuelekea kando, mara nyingi hugusa neva ya mguu, na mgonjwa hulalamikia mguu. Ikivimba katikati, yaweza kuzisumbua hizi nyingine bila mguu kuuma hata kidogo.

Daktari huyo ndiye aliyenielekeza kwa tabibu wa kairopraktiki, fani ya kutibu mgongo na viungo kwa mikono iliyoanzishwa na D. D. Palmer mwaka wa 1895 huko Davenport, Marekani. Nilitarajia mifupa yangu ialishwe kwa nguvu, lakini haikuwa hivyo. Nililala kifudifudi juu ya meza iliyogawanyika penye kiuno, naye akaweka kiganja juu ya pingili moja na kwa mkono wa pili akateremsha taratibu upande wa meza uliobeba miguu, mgongo ukavutika kama kitambaa kinachonyooshwa kabla ya kupigwa pasi. Kila mara aliuliza kama nahisi chochote kinenani au miguuni, akasubiri jibu kabla ya kuendelea. Katika juma la sita nilifika mjini bila kushuka njiani. Choo kilichelewa zaidi kulainika, na maumivu ya tendo la ndoa yamepungua ila hayajaisha.

Hata hivyo, nakusihi usianzie huko. Endometriosisi (tishu kama ya ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake), fibroidi (uvimbe wa mfuko wa uzazi), uvimbe wa ovari, mawe ya figo na saratani huweza kuleta maumivu yanayofanana na haya, na ni lazima daktari ahakikishe kwanza kwamba huna lolote kati ya hayo. Ushahidi wa tiba hii kwa matatizo ya kibofu na nyonga bado ni mchache, mwingi ukiwa taarifa za mgonjwa mmoja mmoja kama mimi. Kwa hiyo anayekuahidi kuponya kila ugonjwa, au anayetaka ulipie vipindi 20 kabla hajakupima, mwache. Mweleze tabibu pia kama una mimba au mifupa dhaifu.

Na ukipata ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, mkojo ukikataa kutoka au choo kikitoka bila wewe kujua, au miguu yote miwili ikilegea, usimruhusu mtu yeyote auguse mgongo wako. Nenda siku hiyo hiyo kwenye hospitali kubwa yenye madaktari wa upasuaji, kwani neva zikibanwa hivyo, kuchelewa kwa saa chache kwaweza kuacha ulemavu wa kudumu.

Kabla ya kumwona daktari, andika kwa juma moja ni wakati gani maumivu huzidi. Katika daftari langu niliandika kuwa yalizidi nilipoinamia cherehani na kutulia nilipolala ubavu, na ni baada ya kuusoma ukurasa huo ndipo daktari aliponiuliza habari za mgongo.