Mtagi anayeweka saini

SWALI: Zahanati ya kijijini kwetu huu ni mwezi wa nne haina maji. Kila wiki tunaandika kwenye mtandao wa X (zamani Twitter) na kumtagi Rais, Wizara ya Afya, gavana, mbunge na vituo vya runinga, jumla akaunti kama 15. Kimya. Tunakosea wapi?
Msomaji, pwani ya Kenya

JIBU: Nahodha wengi, ndugu msomaji. Kila mmoja akiona majina 14 kando ya lake humwachia mwenzake ajibu, na X yenyewe huweza kuihesabu posti kama hiyo kuwa taka.

Tena wengi wao si wahusika. Kwa Katiba ya 2010, zahanati ni kazi ya kaunti. Pesa za idara huidhinishwa na afisa mkuu wa afya wa kaunti, na juu yake yuko waziri wa kaunti. Watagi hao wawili na mwakilishi wadi wenu, basi. Kabla ya hapo ifungue kila akaunti uone iliandika lini mara ya mwisho. Nyingi hulala baada ya uchaguzi. Alama ya buluu siku hizi hununuliwa, haithibitishi cheo. Akaunti za serikali hupewa ya kijivu.

Posti isianze na @. Ikianza hivyo X huichukua kuwa jibu, na wanaoiona kwenye ukurasa wao ni wale tu wanaokufuata wewe pamoja na huyo uliyemtagi mwanzoni. Anza na jina la zahanati, taja tangu lini mfereji umekauka na kwa nini, kisha uliza jambo lenye jibu: "Je, fundi wa pampu atafika kabla ya tarehe 30?" Kwa "tafadhali tusaidieni", afisa atajibu nini? Picha ionyeshe mfereji na kibao cha zahanati, si nyuso za wagonjwa. Ndani ya picha unaweza kutagi hadi watu 10 bila kula zile herufi 280 za posti, ila wengine wamefunga njia hiyo.

Siku hiyo hiyo pelekeni barua idarani mkiuliza bajeti ya maji ya zahanati ni kiasi gani. Nakala ipigwe muhuri, muipige picha na kuiweka chini ya posti. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21. Siku ya 22, kama hamjajibiwa, andikeni chini ya posti ile ile, na hapo ndipo pa kuwatagi waandishi wa habari.

Mkihitaji pampu mpya, mbaneni mwakilishi wadi Februari au Machi. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mkimtagi Agosti atasema hakuna pesa, na huenda asiwe anadanganya.

SWALI: Kwenye Facebook naandika jina la mbunge lakini haligeuki buluu.

JIBU: Kuliandika hakutoshi. Andika @, anza jina, kisha uliguse kwenye orodha inayojitokeza. Lisipojitokeza, tafuta ukurasa wake wa kazi badala ya akaunti yake binafsi.