Kuchagua Kuchi kwa Banda la Nyumbani

Swali: Ndugu Mhariri, ninaishi Tanga na ninatamani kufuga kuku wa kienyeji aina ya kuchi. Nichague vipi, na niwatunzeje?

Jibu: Ndugu msomaji, tafuta jogoo mrefu, mwenye shingo ndefu na kilemba kidogo, ambaye hana udugu na matetea wako, kwa kuwa kuzalisha ndugu kwa ndugu hudhoofisha vifaranga. Kuchi ni wagomvi mno, hivyo majogoo wawili wasikae banda moja. Matetea hutaga mayai machache. Mimi ningeyaatamisha yote badala ya kuyala, maana mbegu hii safi inazidi kuadimika. Zaidi ya yote, wachanje dhidi ya mdondo kila baada ya miezi 3, kwa chanjo ya tone moja jichoni, kwani ugonjwa huo huweza kufyeka kundi zima kwa siku chache.