Nilimtaarifu, sikuwasiliana naye

Kaka yangu mkubwa alijitoa kwenye kundi letu la WhatsApp la familia mwaka mmoja baada ya baba kufariki. Mimi ndiye niliyeandika mle kwamba shamba la minazi tunalikodisha. Niliona tiki za bluu, nikajua yamekwisha.

Miezi minane baadaye nilipanda basi hadi Tanga. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa sauti ya chini. Tulikaa barazani, kahawa chungu na kisahani cha kashata katikati yetu, hakuna anayeanza. Mwishowe akasema: "Mdogo wangu, ulinitaarifu. Hukuniuliza."

Nimelichambua sana neno lile. Kutaarifu kumetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kujua: mmoja anajua, anamjulisha mwenzake, basi. Kuwasiliana ni jambo jingine. Ndani yake mna kuwasili, kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuunga na pia kufika. Kiswahili kikaongeza kiambishi chake cha Kibantu, -an-, kilekile cha kupendana na kusaidiana. Mimi nifike kwako, nawe ufike kwangu. Ujumbe wangu ulifika. Kaka hakupewa njia ya kufika kwangu.

Na jamaa, jamii, jumuiya, Ijumaa, yote ni mzizi mmoja wa kukusanya (jumla haimo, ina mzizi wake). Hata siku tunazihesabu kutoka siku ya kukusanyika: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, hadi Jumatano ya tano. Wazungu nao wana neno la Kilatini, communis, lililozaa majina yao ya jamii na ya mawasiliano pia; ndani yake mna munus, yaani wajibu.

Kwa hiyo nakusihi: jambo la ardhi, mirathi au mchango wa msiba usilianzishie kwenye kundi. Mpigie kila mmoja, anza na mkubwa. Uliza, kisha nyamaza usikie. Anayekaa kimya usimhesabu kuwa amekubali; mfuate, hata kama ni nauli ya basi. Kundini peleka yale mliyokwisha kuelewana.

Shamba tulilikodisha. Minazi sita iliyo karibu na kaburi la baba tuliiacha nje ya mkataba. Hiyo tu ndiyo kaka aliyokuwa akiitaka tangu mwanzo.