Maswali yenu: Mara 18 alikosa tuzo, je hajui kuigiza?

Swali: Dada shikamoo. Mimi ni mpenzi wa tamthilia kupita kiasi, sasa juzi nimebishana na rafiki yangu mpaka tukanuniana, yeye anasema waigizaji wa tamthilia ndefu sio waigizaji, ni watu wa kulia lia na kugombana tu, akanitolea mfano wa yule Mmarekani Susan Lucci eti kakosa tuzo mara 18. Ni kweli? Nimjibu nini?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hiyo ya mara 18 ni kweli tupu, ila rafiki yako kaikata stori katikati.

Susan Lucci kazaliwa Desemba 1946, na tamthilia ya All My Children ilipoanza kwenye kituo cha ABC Januari 1970 yeye alikuwa na miaka 23, akapewa kuigiza Erica Kane, kabinti ka sekondari kakaidi hatari, basi akakaa na huyo Erica mpaka ABC wakaifuta tamthilia Septemba 2011. Yaani miaka 41 mhusika mmoja! Na usifikirie ni kama muvi ambayo ukimaliza kushuti unapumzika, hii ilikuwa hewani siku tano kwa wiki, kwanza nusu saa halafu kuanzia 1977 saa nzima, kwa hiyo leo unashuti, usiku unakariri kurasa za kesho, kesho tena hivyo hivyo, muda wa kurudia rudia haupo kabisa. Huyo anayesema ni kulia lia tu namuomba akariri kurasa kumi usiku mmoja halafu asubuhi alie kwa wakati unaotakiwa, mbele ya kamera, na machozi yatoke.

Kuna kitu kimoja huwa kinanigusa sana. Mama yake Erica, yaani Mona, aliigizwa na Frances Heflin kwa zaidi ya miaka 20, huyo mama akafariki 1994 na kwenye tamthilia Mona naye akafa, sasa hebu jiweke kwenye nafasi ya Susan, unaigiza msiba wa mama wa kwenye skripti na huku mwenzako wa miaka yote hiyo kaondoka kweli. Hapo mimi siwezi kumsikiliza mtu anayeniambia sio uigizaji.

Haya tuje kwenye tuzo. Daytime Emmy, yaani tuzo za Marekani za vipindi vya TV vya mchana, alianza kuteuliwa 1978, akawa anavaa vizuri, anakaa kitini, linatajwa jina la mwingine, anapiga makofi anarudi nyumbani, ikafika mahali watu wakaifanya utani kwenye TV. Mei 21, 1999, ikiwa ni mara ya 19, muigizaji Shemar Moore akafungua bahasha akatangaza kwamba mkosi umekwisha, ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi kwa dakika kadhaa mpaka Susan akashindwa kuanza kuongea, Oprah Winfrey na Rosie O'Donnell wakaonekana wanalia. Na kwenye shukrani zake akasema Jumatatu anarudi studio kuendelea kumuigiza Erica. Hilo ndilo la kumwambia rafiki yako, kwamba mtu katoka kupata alichokisubiri miaka 21 na bado anawaza kazi ya Jumatatu. Tena kuteuliwa mara 19 maana yake mara 19 waamuzi walimuona yumo kati ya wale bora, sasa asiyejua kuigiza anateuliwaje?

Swali: Bado yupo hai? Anaigiza?

Jibu: Yupo. Baada ya Erica alicheza kwenye tamthilia ya Devious Maids kuanzia 2013 mpaka 2016. Ila 2018 nusura tumpoteze, kifua kilikuwa kinambana akawa anapuuzia, kwenda hospitali wakakuta mshipa mkubwa wa moyo umeziba asilimia 90, wakamwekea vibomba viwili vya kuuzibua, na tangu hapo anawahimiza wanawake wasidharau maumivu ya kifua (nawe unayesoma hapa usidharau tafadhali). Mume wake Helmut Huber, waliyeoana 1969, alifariki 2022. Desemba 2023 hao hao wa Daytime Emmy wakampa tuzo ya heshima kwa kazi yake ya maisha yote, na aliyepanda jukwaani kumkabidhi ni Shemar Moore yule yule.