Konyaki ya shemeki na rangi yake

Swali: Jambo yaya. Niko ku Katuba, Lubumbashi. Shemeki yangu alitoka Ulaya akaniletea chupa mbili, konyaki ya VSOP na rumu ya Jamaika ya miaka 12. Bandugu banasema yenye rangi nyeusi zaidi ndiyo ya zamani. Mi nikionja zote zinaniunguza tu, ule utamu siusikii. Ninakosea wapi?

Jibu: Mdogo wangu, rangi achana nayo kabisa. Pombe ikitoka kwenye mtambo iko nyeupe kama maji, sawa na lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, na mtambo wenyewe wa konyaki ni wa shaba, madini yetu ya Katanga, juu shaba inaondoa ile harufu mbaya ya salfa. Rangi inakuja baadaye kwenye pipa la mwaloni, ila sheria inaruhusu kuongeza karameli, yaani sukari ya kuunguzwa, kwa hiyo chupa nyeusi tii inaweza kuwa changa kuliko yenye rangi ya asali. Soma etiketi, zile herufi za konyaki ndizo zinasema umri: VSOP imekaa kwenye pipa miaka 4 au zaidi, VS ni 2, XO tangu 2018 ni 10. Na ile 12 ya rumu yako inahesabu pombe changa kuliko zote zilizochanganywa humo.

Alafu usilinganishe hiyo 12 na miaka ya nchi za baridi. Kule Uskoti pipa linapoteza kama asilimia 2 ya pombe kwa mwaka, inapanda hewani tu, wenyewe wanaiita fungu la malaika, lakini kwenye joto la Karibiani inayopotea ni nyingi zaidi na mti unafanya kazi haraka, ndio maana rumu ya miaka 12 iliyokomalia huko mi naiheshimu sana.

Kuhusu kuunguza, nadhani unakunywa haraka. Mimina kidogo kwenye kilauri chenye mdomo mwembamba, acha dakika kumi, usiweke barafu maana baridi inafunga harufu. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, pua isiingie ndani kabisa. Funda la kwanza liwe dogo sana, hilo ni la kuzoesha ulimi tu, usilihukumu, la pili ndio unaanza kusikia. Bado inachoma? Tia matone mawili matatu ya maji, unuse tena.

Anza na rumu. Utapata ndizi, ile iliyoiva mpaka ganda limekuwa jeusi, na nanasi lililopitiliza, nakuambia siku ya kwanza nilipoisikia nilidhani kuna mtu anamenya ndizi karibu yangu! Haijatiwa dawa yoyote, Jamaika wanaacha molasi, ile asali nyeusi ya miwa, ichachuke siku nyingi na hapo zinazaliwa esta, zile zile zinazoipa ndizi harufu yake. Vanila ndio inatoka kwenye mti wa pipa. Ukirudi kwenye konyaki tafuta zabibu kavu na maua, iko ya upole zaidi, na usiseme ipi kubwa, moja ni zabibu moja ni miwa.

Swali: Nikiifungia konyaki kabatini miaka 20 itakuwa XO? (Msomaji, Kamalondo)

Jibu: Hapana, ikishaingia kwenye chupa haikomai tena. Isimamishe, usiilaze kama divai maana pombe kali inakula kizibo, na iweke mbali na dirisha, hasa jua la mwezi wa kumi.