-nge- au -na-? Kuhusu mbio za magari za kubuni Malindi

Msomaji wa Malindi ameniandikia hivi: "Mwalimu, salamu aleikum. Napenda kuchora njia za mbio za magari juu ya ramani ya mji wetu, kama zile zinazopita mjini Monaco. Nikimaliza naandika maelezo. Mwenzangu anasema kila kitenzi nikitie -nge- kwa kuwa mbio zenyewe hazipo. Nimeandika hivi: 'Njia ingeanzia Barabara ya Lamu, ambayo ingekuwa na maduka, kisha ingefika Barabara ya Casuarina, ambayo ingekuwa karibu na bahari.' Mbona naona haisomeki? Na -ngali- niitumie wapi?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Sikio lako limekuambia kweli. Mbio ni za kubuni, lakini Malindi si ya kubuni. Ichane ramani yako sasa hivi: maduka ya Barabara ya Lamu bado yapo, na Casuarina haijahama. Kwa hiyo kitu kitakachobaki baada ya karatasi kuchanwa kiandike kwa hali yake ya kawaida, na kile kitakachopotea na karatasi ndicho ukipe -nge-. Sentensi yako basi iwe hivi: "Njia ingeanzia Barabara ya Lamu, yenye maduka pande zote mbili, kisha ingefika Barabara ya Casuarina iliyo karibu na bahari. Madereva wangelazimika kushika breki mapema kabla ya kukata kona ya kuelekea Nguzo ya Vasco da Gama." Mji umesimama imara, magari ndiyo yanayodhaniwa. Msomaji anayeujua mji atakufuata kona kwa kona, na asiyeujua hatadhani kwamba hata bahari umeibuni wewe.

Mbio zilizopo kweli hazihitaji dhana yoyote. Monaco magari hukimbia tangu 1929. Njia ina urefu wa kilomita 3.337 na huzungukwa mara 78. Hapo ndipo mahali pake hu- ya mazoea. Singapore nayo ilianza mbio zake za usiku 2008: tukio lilitokea, basi -li- inatosha.

Je, unaweza kuiacha -nge- kabisa? Unaweza, ukishamfungulia msomaji mlango. Andika "Tuseme leo ni siku ya mbio", kisha endelea kama mtangazaji wa redio: "Magari yanashuka, la kwanza linapunguza mwendo, la pili linajaribu kulipita." Mimi naupenda mtindo huu, kwa sababu -na- ina mwendo na -nge- ina kusitasita. Ila usiuanze bila ule mlango. Ukiandika tu "Barabara ya Casuarina inafungwa Jumamosi", kesho dereva wa tuktuk atauliza apite wapi, na haki atakuwa nayo. Unapotoka kwenye mbio na kurudi kueleza mawazo yako kama mchoraji, irudishe -nge-: "Hapa ningepanua kona."

Sasa -ngali-. Hii ni ya jambo lililokwisha kupita na mlango wake umefungwa. Mfano mzuri unatoka kwenye mbio zenyewe. Mwaka 1958, katika barabara za mji wa Porto, Ureno, dereva Mike Hawthorn alishtakiwa kwamba aliendesha gari kinyume cha mwelekeo, kosa ambalo lingeweza kumnyima alama za mbio hizo. Mpinzani wake Stirling Moss ndiye aliyemtetea, na Hawthorn akabaki na alama zake. Msimu ulipoisha Hawthorn alikuwa bingwa wa dunia kwa alama 42, Moss 41. Hapo tunasema: "Moss asingalimtetea Hawthorn, angalitwaa ubingwa." Hakuna awezaye kulibadilisha tena. Njia yako ya Malindi haijafungwa hivyo. Huenda siku moja mtu akaipenda, kwa hiyo -nge- inaitosha. Wapo wanaosema -ngeli- badala ya -ngali-, nami sina ugomvi nao. Ninachoshikilia ni kwamba pande mbili za sentensi zifanane: usianze na -nge- ukamalizia na -ngali-.

Kwa kukanusha, Kenya utasikia sana "magari hayangepita". Vitabu vya shule hupendelea "yasingepita", nami nakushauri uifuate hiyo katika maandishi, maana -si- inakaa vizuri hata sentensi ikiwa ndefu.

Utaihitaji zaidi ukivuka ukachore Lamu. Usita wa Mui, njia kuu ya Mji wa Kale, ni ya watu na punda, na mji wenyewe ni Urithi wa Dunia tangu 2001. Huko barabara yenyewe inaingia katika dhana: "Magari yasingetoshea kwenye usita huu, na kuta zisingevunjwa ili yapite, njia ingebidi ifuate ukingo wa bahari."