Maswali na majibu: Mark Hofmann, mghushi aliyeishia kuua

Makala yangu iliyopita kuhusu Mark Hofmann imeniletea barua nyingi kuliko nilivyozoea, nyingi zikiuliza ni nini hasa kilichomsukuma. Kwa ambaye hakuisoma: Hofmann alizaliwa mwaka 1954 katika jiji la Salt Lake City, Marekani, akalelewa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo watu wengi huliita la Wamormoni, na tangu mwaka 1980 alijipatia riziki kwa kuuza hati za kale za kanisa hilo ambazo kumbe alikuwa akiziandika mwenyewe. Tarehe 15 Oktoba 1985 mabomu aliyoyatengeneza yaliwaua Steven Christensen na Kathleen Sheets, na kesho yake bomu la tatu likamlipukia yeye ndani ya gari lake.

Msomaji wa Tanga anauliza: Kwa nini tutafute sababu za mbali? Si alitaka fedha tu?

Fedha ilikuwamo, na nyingi. Barua moja tu, nitakayoieleza hapa chini, Christensen aliinunua mwaka 1984 kwa dola 40,000. Hata hivyo fedha haielezi mwanzo wake. Akiwa bado kijana, Hofmann aliichezea alama ya kiwanda kwenye sarafu ya kale ili ionekane adimu, na wakaguzi wa serikali wakaithibitisha kuwa ni halali. Baadaye alieleza kwamba kwa maoni yake, wenye mamlaka wakishasema kitu ni halali, basi ni halali. Mtu mwenye fikra hiyo hakuanza kwa njaa ya mkate; alianza kwa kuonja utamu wa kuwaona wakubwa wakitia muhuri kwenye uongo wake.

Msomaji wa Nairobi anauliza: Je, alilichukia kanisa lake?

Swali hili ndilo lililonisumbua zaidi. Hofmann alisema kwamba alipoteza imani akiwa na umri wa miaka 14 hivi, lakini akaendelea kuonekana muumini kamili: alikwenda Uingereza kama mmisionari, akarudi, akaoa, akashiriki ibada kama kawaida. Mtu akisoma barua yake mashuhuri, ile ya salamanda, atadhani amepata jibu. Katika barua hiyo, iliyodaiwa kuandikwa mwaka 1830 na Martin Harris, mmoja wa wafuasi wa kwanza wa Joseph Smith, nabii mwanzilishi wa kanisa hilo, anayezilinda bamba za dhahabu ambazo Smith alisema ndizo chanzo cha Kitabu cha Mormoni si malaika kama kanisa linavyofundisha, bali ni salamanda mweupe, mnyama anayefanana na mjusi, anayejigeuza kuwa roho. Ilikuwa kana kwamba nabii amegeuzwa kuwa mganga wa kutafuta hazina.

Lakini hati yake ya kwanza ya maana, ile ya mwaka 1980 aliyodai kuikuta ndani ya Biblia ya kale, iliwafurahisha waumini kwa kuwa ilionekana kuunga mkono simulizi la kuanzishwa kwa dini yao. Mwaka uliofuata akazua baraka ambayo Joseph Smith angekuwa amempa mwanawe kuwa mrithi wake, akawa anaijadili na kanisa la Salt Lake City na pia na kanisa la Missouri lililojitenga nalo, ambalo madai yake ya urithi yangepata nguvu kwa karatasi hiyo. Mwaka 1983 Gordon B. Hinckley, mmoja wa viongozi wakuu wa kanisa, alinunua kwake kwa dola 15,000 barua nyingine iliyodaiwa kuwa ya Smith, yenye kumhusisha na utafutaji wa hazina kwa njia za kichawi. Kwa hiyo mimi sioni chuki iliyo wazi. Naona mfanyabiashara aliyejifunza kwamba kila mteja hununua ama kile anachokitamani ama kile anachokiogopa, na kwamba hofu hulipa vizuri zaidi. Dharau kwa waumini ilikuwamo, bila shaka, lakini hata wakosoaji wa kanisa walikuwa wateja wa uongo huo huo. Aliyeshuku mapema barua ya salamanda alikuwa Jerald Tanner, mkosoaji mkubwa wa kanisa, ambaye angeweza kunufaika nayo kuliko wote.

Msomaji wa Mombasa anauliza: Wataalamu walikuwa wapi?

Walikuwapo, wakadanganyika. Alitumia karatasi za zamani na wino aliouchanganya kwa kufuata kanuni za karne ya 19, na akapita hata kwenye mashine ya kupimia uongo. Walioumbua kazi yake ni wachunguzi wa hati George Throckmorton na William Flynn, waliouchunguza wino kwa hadubini na kuona nyufa ndogo ndogo kama ngozi ya mamba, zilizotokana na kuuzeesha kwa kemikali.

Msomaji wa Dodoma anauliza: Mtu wa vitabu na karatasi anafikaje kwenye mabomu?

Hapa naomba tutenganishe mambo mawili ambayo wasomaji wengi mmeyachanganya. Sababu za kughushi zilikuwa nyingi na zenye mafundo. Sababu ya kuua ilikuwa moja, nayo ni ya kusikitisha kwa udogo wake: alihitaji muda. Alikuwa ameahidi kuuza mkusanyo wa karatasi za William McLellin, mtume wa awali aliyeliacha kanisa, na kwa ahadi hiyo alikopa benki dola 185,000, ilhali karatasi hizo hakuwa nazo. Alitegemea kuokolewa na hati nyingine ya kughushi, nakala ya Kiapo cha Mtu Huru, kiapo cha raia kilichochapishwa Massachusetts karibu mwaka 1639 na ambacho nakala yake ya asili haijulikani ilipo. Aliitaka Maktaba ya Bunge la Marekani imlipe dola milioni 1.5. Malipo hayakuja. Christensen ndiye aliyepangiwa kuzihakiki karatasi za McLellin, na mauzo yalikuwa yakamilishwe siku ile ile alipouawa mlangoni pa ofisi yake.

Bomu la pili ni baya zaidi kulifikiria. Lilipelekwa nyumbani kwa Gary Sheets, aliyewahi kuwa mshirika wa Christensen katika kampuni ya uwekezaji iliyokuwa ikianguka, ili polisi wadhani muuaji ni mmoja wa waliopoteza akiba zao. Mkewe Kathleen ndiye aliyeliokota furushi hilo. Hakuwa na uhusiano wowote na hati hata moja.

Msomaji wa Kampala anauliza: Yeye mwenyewe alisema nini?

Mwaka 1987 alikiri makosa kwa makubaliano na waendesha mashtaka, kisha akahojiwa kwa kirefu. Kuhusu bomu la pili alisema hakujali ni nani angeuawa, hata kama ni mtoto au mbwa. Kuhusu la tatu, alisema alikusudia kujiua. Ninayasoma maelezo hayo kwa tahadhari ile ile ambayo wanunuzi wake hawakuwa nayo. Mghushi akieleza nia yake anaandika hati nyingine, na hiyo nayo ina mteja wake. Bodi ya msamaha haikushawishika: mwaka 1988 iliamua kwamba abaki gerezani maisha yake yote.

Msomaji wa Lubumbashi, aliye muumini wa kanisa hilo, anauliza: Karatasi za McLellin zilikuwapo kweli?

Zilikuwapo, ndugu yangu, ila si kwa Hofmann. Baada ya mauaji, kanisa lilipopekua hifadhi yake lenyewe lilikuta shajara za McLellin ambazo lilizipata tangu mwaka 1908, zikawa zimesahauliwa.